Komiki imetoka kwenye presi na kasoro mpya: tafuta chanzo kabla ya kurudia

Mtu akiniletea komiki (kitabu cha katuni) iliyoharibikia kwenye presi, yaani mashine ya joto ya kunyooshea mikunjo, siulizi kwanza alitumia joto kiasi gani. Namwuliza aliitia unyevu kwa muda gani, na siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha. Hapa Kampala, mara nyingi ugonjwa umejificha kwenye jibu la swali hilo.

Maelekezo mengi ya kunyoosha vitabu vya katuni yameandikwa Marekani na Kanada, na watu ambao miezi ya baridi hewa ya nyumba zao hukaushwa na hita mpaka karatasi inakakamaa. Wao hawana budi kuirudishia maji kidogo kabla ya kuipasha joto. Sisi tunaishi karibu na ziwa. Kuanzia Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, karatasi iliyokaa tu kwenye rafu imeshakunywa ya kuitosha. Ukiichukua hiyo ukaifungia usiku kucha kwenye sanduku la unyevu, lenye kitambaa chenye maji chini yake, kwa sababu video ilisema muda wa saa 12, umeizamisha.

Nachukulia kwamba unatumia presi ya fulana, ile ya sahani bapa ya sentimita 38 kwa 38 ambayo mafundi wa Nasser Road hapa Kampala huchapia fulana na mifuko. Fundi niliyemwendea mara ya kwanza aliniuliza, "Mzee, unataka kuchapa nini juu ya kitabu?" Nikamwambia, "Sichapi kitu, kijana wangu. Nanyoosha tu." Akaniachia mashine ya pembeni, akasimama kutazama mpaka mwisho.

Mpangilio wangu wa kawaida ni huu. Komiki za siku hizi zenye karatasi ya kung'aa napiga kwa nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi. Za zamani zenye karatasi ya gazeti, nyuzi 70 hadi 80, na sijawahi kuhitaji kupita hapo. Dakika 7 hadi 10, kisha nazima na kuiacha ndani hivyo hivyo, presi ikiwa imefungwa, mpaka ipoe yenyewe. Juu na chini ya komiki nalaza karatasi ya silikoni isiyonata, na ndani ya kila jalada natia kadi bapa isiyo na asidi. Chini kabisa natandika ubao mgumu, maana sponji ya presi ya fulana ni laini mno kwa kazi hii. Dalili nyingi ninazozieleza hapa zinatokana na kuharibika kwa kipande fulani cha mpangilio huo.

Ilitoka bapa, kesho yake ina mawimbi

Hii ndiyo ninayoletewa zaidi, na dalili moja ina vyanzo vitatu. Kitakachokuonyesha ni kipi ni wakati mawimbi yalipoanza kuonekana.

Kama komiki ilitoka bapa kabisa na mawimbi yakaja baada ya saa kadhaa, maji yalibaki ndani. Joto lilikausha majalada na kurasa za juu, za katikati zikabaki na unyevu wake. Zilipokutana na hewa, kila ukurasa ukaanza kutoa maji kwa mwendo wake. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja, kama ubao. Ikinywa maji, hunenepa kwenye upana wa nyuzi kuliko kwenye urefu wake, na ikikauka hujivuta vivyo hivyo. Ukurasa ulioshikwa na pini mgongoni hauna pa kujinyooshea, basi unapanda na kushuka.

Wengi hapo huirudisha kwenye sanduku la unyevu "ianze upya". Usifanye hivyo. Komiki hiyo inahitaji kukauka, tena polepole na kwa usawa. Chukua karatasi nyeupe nyembamba inayonyonya, isiyochapwa kitu, maana gazeti la jana litahamishia wino wake kwenye kurasa zako. Itie kila baada ya kurasa nne au sita bila kuifikisha mgongoni, isije ikautanua mgongo. Laza ubao bapa juu, weka uzito wa kilo 10 hivi. Mimi natumia matofali niliyoyafunga kitambaa. Siku ya kwanza badilisha karatasi asubuhi na jioni, siku ya pili iache itulie. Baada ya hapo piga presi mara moja tu, nyuzi 65, dakika 5, na uiache ipoe ndani.

Kama mawimbi yalikuwapo tangu ulipofungua presi, na komiki ilikuwa bado ya moto mkononi, basi uliharakisha. Karatasi yenye joto ni laini na hushika umbo inapopoa. Ikipoa huku umeishika hewani, hilo ndilo umbo itakalobaki nalo. Subiri mpaka sahani ya juu isiwe na joto lolote ukiigusa, kisha ihamishie chini ya uzito ilale humo usiku mzima. Huu ndio uvumilivu unaowashinda wengi, na kwa maoni yangu nusu ya kazi nzima iko kwenye kupoa.

Chanzo cha tatu hugusa jalada peke yake: kurasa za ndani zimetulia, jalada linajikunja kama ganda. Upande wa nje wa jalada una tabaka la kung'aa lisilonywa maji kirahisi, na upande wa ndani mara nyingi ni karatasi tupu inayokunywa. Pande mbili zimekunywa visivyo sawa. Tiba ni ile ile ya uzito na karatasi ya kunyonya, ila zitie mbili tu, moja chini ya kila jalada.

Nunua haigromita ndogo ya kidijitali, yaani kipima unyevu wa hewa, uiweke kwenye chumba cha kazi. Kwangu, ikisoma asilimia 60 au zaidi, sanduku la unyevu halifunguliwi siku hiyo. Ikishuka chini ya 45, kama inavyotokea kwa ndugu zetu wa Gulu na Moroto katika kiangazi cha Desemba hadi Februari, komiki iliyokakamaa naipa saa 3, nikaitazama, na ikibidi nikaiongezea 3 nyingine. Sanduku lenyewe ni la plastiki lenye mfuniko. Chini kitambaa kilicholoweshwa maji yaliyotoneshwa (distilled water), juu yake wavu ulioinuliwa, komiki juu ya wavu bila kugusa maji popote. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huuzwa pale pale, na asidi itaitafuna karatasi usijue mpaka imeshageuka rangi.

Kurasa za ndani zinachungulia nje ya jalada

Unafunga komiki, na ukingo wa kulia wa kurasa unajitokeza milimita moja au mbili nje ya jalada. Kabla ya presi haukuwa hivyo. Jalada limenywea.

Chanzo ni unyevu mwingi ukifuatwa na joto kali. Jalada lilivimba likiwa na maji, kisha likakaushwa ghafla likajivuta kuliko lilivyokuwa mwanzo, huku kurasa za ndani zikiwa na mwendo wao. Waweka gredi wa Marekani, wanaozipa komiki alama kulingana na hali yake, wanaijua sura hii vizuri na huikata alama.

Mimi sijapata njia ya kulirudisha jalada hilo ninayoweza kumwambia mtu aifuate. Nimelia juu ya moja. Lilikuwa jarida la katuni la Dar es Salaam la miaka ya 1980, lililotoka kwenye sanduku la bati la marehemu mjomba wangu kule Mbale, na mpaka leo sijaona nakala nyingine. Nililitia unyevu usiku kucha mwezi wa Aprili, nikalipiga nyuzi 90 kwa sababu mikunjo yake ilikuwa mingi. Mikunjo ilitoka. Kurasa zikachungulia.

Komiki maarufu ya Marekani, ukiiharibu, ipo nyingine inauzwa mahali fulani. Jarida la Kiswahili lililochapwa kwenye karatasi duni ya gazeti, likasomwa na nyumba kumi na kufungiwa maandazi, huenda halina mwenzake kwenye wilaya nzima. Hayo ndiyo yanayostahili joto la chini kabisa na muda mrefu kabisa. Kama hujawahi kunyoosha, jifunze kwa majarida yaliyokwisha kupoteza jalada, hata kumi, kabla ya kugusa la namna hiyo.

Pini zimeacha alama, au jalada limechomoka kwenye pini

Ukiona vibonyeo viwili vya pini vimepenya mpaka ukurasa wa tano au wa sita, mgandamizo ulikuwa mkubwa. Mkono wa presi ya fulana umetengenezwa kubana kwa nguvu, nasi hatuhitaji nguvu hiyo. Legeza skrubu ya juu mpaka mkono ushuke kwa kidole kimoja na kukaza kidogo tu mwishoni. Kisha tazama unene: mgongo wenye pini ni mnene kuliko ukingo wa kurasa, hivyo sahani hukaa juu ya pini peke yake. Ongeza vipande vya kadi upande wa ukingo mpaka kitabu chote kiwe na kimo kimoja. Vibonyeo vya ukurasa wa kwanza na wa pili hupungua ukipiga tena namna hiyo. Vya ndani zaidi viache.

Jalada likichomoka kwenye pini, chunguza kutu kabla ya kulaumu presi. Pini iliyoshika kutu huila karatasi inayoizunguka ikawa kavu kama biskuti, na mguso wowote unaimaliza. Kutu ni ya kutazamwa mwanzoni kwa kioo cha kukuzia. Ukiona duara la kahawia kuzunguka pini, hiyo komiki haiingii kwenye unyevu hata saa moja, maana maji huisambaza kutu kwenye kurasa za jirani.

Mng'ao umepungua, au jalada lina michirizi isiyokuwapo

Pitisha mkono juu ya karatasi yako ya silikoni. Ikiwa na kunyanzi, kunyanzi hilo limejichapa kwenye jalada; tabaka la kung'aa likipata joto hulainika na kunakili kila kinacholigusa. Punje moja ya vumbi jekundu la barabarani hufanya kidoti kisichotoka. Badilisha karatasi ya silikoni mara inapokunjamana, na ufute sahani kwa kitambaa kikavu kabla ya kila kazi.

Mng'ao ukififia pande zote kwa usawa bila michirizi, joto lilipita kiasi. Usiamini namba inayoonyeshwa na mashine. Presi yangu ya kwanza ilionyesha 70, na kipimajoto cha waya nilichokilaza chini ya sahani kikasoma 84 katikati na 72 kwenye pembe. Pima sehemu tano, andika kwenye daftari, ujue mashine yako inadanganya kwa nyuzi ngapi na wapi.

Kurasa za kung'aa za ndani zikigandana, ni unyevu pamoja na joto. Zile karatasi zimepakwa udongo mweupe laini ambao ukilowa na kupashwa moto huwa kama gundi. Usizivute. Ziache zipoe na zikauke kabisa, kisha ujaribu kupitisha ukanda wa silikoni kutoka kwenye kona. Komiki za namna hiyo usizitie unyevu kamwe.

Mkunjo haukutoka

Inamisha jalada kwenye mwanga wa dirishani. Mkunjo unaoonekana kwa kivuli tu, rangi ikiwa nzima, hutoka au hupungua sana. Mkunjo wenye mstari mweupe umevunja rangi. Presi itaulaza chini, lakini weupe utabaki, na kuurudia mara tatu kunachosha karatasi bure.

Hapo ndipo mtu hushika kalamu ya rangi. Mwache. CGC, kampuni ya Florida iliyoanza kuzipa komiki gredi mwaka 2000 kwa kipimo cha 0.5 hadi 10, haihesabu kunyoosha kwa presi wala kusafisha kukavu kuwa ukarabati, lakini rangi iliyoongezwa huihesabu, pamoja na ukingo uliokatwa uonekane mpya. Mimi humwambia mnunuzi hata kama ni presi tu. Ana haki ya kujua kitabu chake kimepitia wapi.

Raba imeng'oa rangi, au uchafu umesambaa

Usafi hutangulia presi. Uchafu uliopigwa joto hujishika kwenye nyuzi, na baada ya hapo raba haiufikii. Kama alama ya kidole imekuwa nyeusi zaidi baada ya presi, uliruka hatua hii.

Vumbi letu la murram ni gumu na lina punje kali. Ukianza kusugua kwa raba, unasugua kwa msasa. Anza na brashi laini ya rangi, ukipeleka vumbi kutoka katikati kwenda nje, halafu sponji kavu ya raba inayotumika kuondolea masizi, ukiigusisha na kuiinua bila kuburuta. Raba nyeupe laini ije mwisho, tena kwenye sehemu nyeupe za jalada tu. Nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea ndizo zinazoachia mapema. Jaribu kwanza kwenye kona ya jalada la nyuma. Raba ikigeuka rangi, kazi ya raba imekwisha kwa kitabu hicho. Karatasi ya gazeti ikianza kutoa manyoya, umeshapita kiasi.

Nimeulizwa kuhusu spiriti, sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo. Zote huingia kwenye karatasi na kubaki humo, na ile ya nguo huendelea kuzila nyuzi baada ya doa kupotea. Doa la mafuta ya kupikia au la chai nakushauri uishi nalo. Utepe wa gundi usiuvute na usiupige joto: gundi yake huyeyuka ikapita mpaka ukurasa wa pili.

Ukungu una utaratibu wake. Vaa barakoa, itenge komiki na nyingine, iache mahali pakavu penye hewa mpaka ukungu uwe unga. Ndipo uupeperushe kwa brashi nje ya nyumba, upepo ukielekea mbali nawe. Usiupanguse ukiwa bado mbichi, utaupaka kote. Jua kali litaukausha upesi, lakini litafifisha rangi, hivyo kivulini ndiko kwema. Na rafu ilikotoka ipimwe kwa haigromita: hewa ikikaa juu ya asilimia 65 siku baada ya siku, ukungu utarudi.

Zisizofaa kuingia kwenye presi ya joto

Majalada ya karatasi ya fedha, yaliyochorwa kwa kuinuliwa au yenye picha za hologramu, yaliyovuma sana miaka ya 1990. Vitabu vilivyounganishwa kwa gundi mgongoni badala ya pini. Chochote chenye stika. Na karatasi ya gazeti iliyozeeka mpaka kona inakatika ukiikunja kidogo: lignini iliyomo, kitu cha asili cha mti, imeifanya ya kahawia na asidi imeikausha, nayo haitaki kitu zaidi ya mfuko safi, kadi nyuma yake na giza. Hizo nyingine naziweka chini ya uzito wa kawaida wiki mbili bila joto, na nashangaa kila mara jinsi hata hilo linavyosaidia.

Umeme umekatika katikati ya kazi

Usifungue. Chomoa mashine ukutani, maana umeme ukirudi mara nyingi hurudi na kishindo, na kifaa cha kudhibiti joto ndicho kinachokufa kwanza. Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, ni ya lazima kwa presi yoyote hapa. Aliyeagiza presi ya zamani kutoka Marekani akumbuke kwamba ile inataka volti 120 na ukuta wetu unatoa 240. Bila transfoma yenye uwezo wa wati za mashine hiyo, presi itaungua siku ya kwanza.

Komiki iliyo ndani iko salama. Sahani inapoa polepole ikiwa imefungwa, jambo ambalo ungelifanya hata hivyo. Iache mpaka asubuhi, itoe, itazame kwenye mwanga wa dirishani. Kama dakika 3 au 4 za joto zilitosha, iweke chini ya uzito. Kama bado ina mikunjo, andika kwenye daftari ilikaa dakika ngapi, iache ipumzike wiki moja, na uirudie siku kavu, kwa nyuzi zile zile, bila kuiongezea unyevu.